Nyumba ya katikati inapata ngapi? Kutoka daftari la mama wa Likasi mpaka kaunti ya makala ya mawe

Mama moja wa Likasi alifika ku biro yetu na vitu viwili mu mfuko. Cha kwanza kilikuwa kijitabu cha rangi ambacho kampuni moja ya mine iligawa mu kartie yao. Mu ukurasa wa tatu kuna mstari wenye kupanda kama mulima, na chini yake imeandikwa kwamba mapato ya familia za wafanyakazi na majirani yameongezeka sana. Cha pili kilikuwa daftari la masomo, lenye kona zimekunjamana, ambamo kila mwezi anaandika feza yenye kuingia na feza yenye kutoka mu nyumba yake.

"Baba," akatuambia, "hawa wanasema tumepanda. Miye naangalia mu daftari, sioni fasi tulipanda. Nani anasema bongo, ni wao ao ni daftari yangu?"

Hatukumjibu siku ile. Kusema kweli, hatukuwa na jibu. Tulimwomba atuachie daftari juma moja, akakubali kwa shingo upande, na sisi tukaanza kutafuta. Watu wenye kazi ya kuhesabu mapato ya nyumba mu fasi ya mashamba na ya mine wanafanya namna gani? Wanaingia mu kila nyumba? Wanaamini kila kitu wanachoambiwa? Na wanajuaje kama mwaka huu ni muzuri kupita mwaka wa kumi nyuma, wakati bei ya bunga haikai fasi moja?

Kwetu hesabu za namna hiyo zimekatika-katika, tutaona mbele juu ya nini. Kwa hiyo tulikwenda mbali, ku fasi yenye ilihesabiwa miaka mingi, na yenye watu wake walikula mukate wa mine sawa sisi: kaunti ya McDowell, mu jimbo la West Virginia, Marekani. Kaunti ni karibu kama teritware yetu. McDowell iko kusini kabisa ya jimbo, milima na mabonde membamba, nyumba zimepangwa kando ya mito kwa sababu hakuna fasi ingine ya kuzijenga. Mji mkubwa unaitwa Welch. Chini ya milima kuna makala ya mawe. Wenye kumbukumbu ya Luena wanajua tunasema nini.

Mwaka 1950 kaunti hiyo ilikuwa na watu 98,887. Kufika 2020 walibaki 19,111. Mu kila watu watano, wanne hawako tena: walikwenda, walikufa, ao hawakuzaliwa pale. Makala hayakuisha. Mashine njo ziliingia. Mwaka 1950 ule ule, kiongozi wa sendika ya wachimbaji, John L. Lewis, alifanya mapatano na wenye makampuni: mashine zikubaliwe, na wale watakaobaki ku kazi walipwe vizuri na wapate matibabu. Wenye kubaki walilipwa vizuri kweli. Wengine walifunga mizigo, wakaenda ku miji ya viwanda ya kaskazini. Tarehe 29 Mei 1961, mu duka moja la Welch, familia ya mchimbaji asiye na kazi ilinunua chakula kwa tikiti za Leta, nao wakawa wa kwanza mu Marekani nzima kutumia tikiti hizo mu mpango wa Kennedy. Mu miaka ya 1980 kampuni ya chuma U.S. Steel ilifunga mine zake za Gary, kilomita chache tu kutoka Welch. Na mu 2016 hata duka kubwa la Walmart lilifunga milango. Mtu wa Kolwezi ao wa Kambove asome mistari hii, hatakuwa na lazima ya kufafanuliwa.

Sasa, namna gani ya kuandika hadithi yote hiyo mu namba moja kwa mwaka?

Nyumba saba za avenyu moja

Watu wa hesabu hawachukui wastani, ile tunaita moyenne mu masomo. Wanachukua nyumba ya katikati. Wanaiita mediani.

Tuseme avenyu moja ina nyumba saba. Kwa mwezi, ya kwanza inapata dola 60, ya pili 90, ya tatu 120, ya ine 150, ya tano 200, ya sita 400, na ya saba ni ya injinia mkubwa wa mine, inapata 3,000. (Hizi ni namba za kufikiri tu, hatukuzitoa ku avenyu yoyote.) Ukijumlisha na kugawanya kwa saba, unapata dola 574. Ni nyumba gani pale inapata 574? Hakuna. Sita ziko chini kabisa, moja iko mbali juu. Lakini ukizipanga mustari kutoka ya chini mpaka ya juu, na kuweka kidole pale katikati, unagusa ile ya 150. Tatu ziko chini yake, tatu juu yake. Ile njo nyumba ya katikati.

Kiisha kampuni inaongeza injinia mara mbili, sasa anapata 6,000. Wastani wa avenyu unaruka mpaka dola 1,003. Mu kijitabu cha rangi, mstari unapanda kama mulima! Nyumba ya katikati iko pale pale, dola 150, na mama wa ile nyumba anashangaa nani alipanda.

Hiyo ilikuwa jambo la kwanza tuliloangalia mu kijitabu cha mama wa Likasi. Haikuandikwa fasi yoyote kama ni wastani ao ni nyumba ya katikati.

Namna wanahesabu

Mpaka mwaka 2000, Wamarekani walikuwa na fomu mbili za hesabu ya watu, kila miaka kumi. Fomu fupi kwa kila nyumba: wangapi, miaka mingapi, mume ao muke. Na fomu ndefu, iliyokwenda karibu ku nyumba moja mu kila sita, ku fasi ndogo zaidi kuliko hapo, yenye kuuliza kila mtu alipata feza ngapi mwaka uliopita: mshahara, biashara, pansyo, msaada wa Leta. Kwa fomu ile, nyumba ya katikati ya McDowell ilionekana kupata dola 16,931 kwa mwaka 1999. Nyumba ya katikati ya Marekani nzima ilipata 41,994. Kwa kila dola tano kule, dola mbili huku.

Ubaya wake ni kwamba kati ya fomu na fomu kuna giza la miaka kumi. Mine inaweza kufunguliwa na kufungwa mu giza hilo, na namba isijue kitu.

Kuanzia 2005 waliacha fomu ndefu na kuweka ankete yenye kutembea kila mwezi, mwaka kucha, nchi nzima. Sasa inagonga ku nyumba milioni 3.5 hivi kwa mwaka. Namba kubwa, lakini ukiigawa mu kaunti zaidi ya elfu tatu, McDowell inabakia na nyumba kidogo sana. Kwa nyumba kidogo vile, bahati inaingia: mwaka huu umeangukia wazee wengi wa pansyo, mwaka ujao umeangukia wachimbaji wenye kazi. Namba itacheza juu na chini, na hakuna aliyepata ao kupoteza kitu. Kwa hiyo waliweka sheria: fasi yenye watu chini ya 65,000 haipewi namba ya mwaka moja. Wanachanga majibu ya miaka mitano, kama vile mtu anachanga maji ya mvua mu pipa, kiisha wanatoa namba moja ya ile miaka yote. Za kwanza za namna hiyo, za 2005 mpaka 2009, zilitoka Desemba 2010.

Na namba ile haitoki peke yake. Pembeni yake wanaandika pengo la kukosea. Maana yake: tunasema dola kadha, lakini ukweli unaweza kuwa juu ao chini kwa kiasi fulani. Ku kaunti ndogo pengo hilo linaweza kufika dola elfu mbili na zaidi. Tulipenda sana jambo hilo. Hatukumbuki ripoti ya kampuni hata moja hapa kwetu yenye kusema "tunaweza kuwa tumekosea kwa kiasi hiki".

Kuna na njia ya tatu, ya watu wenye haraka. Masomo ya Marekani yanapata feza za Leta kufuata hesabu ya watoto maskini mu kila eneo, na hesabu hiyo haiwezi kungoja miaka mitano. Kwa hiyo wanatengeneza makadirio ya kila mwaka kwa kila kaunti: wanachukua ankete, wanaiweka pamoja na makaratasi ya kodi, na hesabu ya wenye kupata tikiti za chakula, na hesabu ya watu, kiisha wanauliza: kaunti yenye kodi kama hizi na tikiti kama hizi, kwa kawaida nyumba yake ya katikati inapata ngapi? Ni kama fundi mwenye kukadiria mzigo wa lori kwa kuangalia matairi. Hakupima kila gunia, lakini aliona malori mengi. Fasi yenye ankete ina nguvu, wanaifuata zaidi ankete. Fasi yenye nyumba kidogo, wanaegemea zaidi matairi.

Dola ya jana si dola ya leo

Hapa njo pale daftari na kijitabu vinagombana zaidi.

Tulisema mwaka 1999 nyumba ya katikati ya McDowell ilipata 16,931. Ankete ya 2006 mpaka 2010 ilitoa dola 22,000 na kitu. Ukiweka namba mbili hizo mu kijitabu cha rangi, unasema: mapato yameongezeka zaidi ya dola 5,000! Theluthi moja karibu! Unapiga picha ya watu wenye kucheka, unaiweka pembeni.

Lakini kati ya 1999 na 2010 bei ya vitu Marekani ilipanda karibu asilimia 31. Kitu cha dola 100 kikawa cha dola 131. Sasa zidisha 16,931 kwa 1.31. Tulifanya hesabu hiyo mara tatu juu hatukuamini: inatoka dola 22,000 na kitu. Ni namba ile ile. Miaka kumi na zaidi, rais mwingine, bei ya makala imepanda na kushuka, mafuriko makubwa ya 2001 na 2002 yameosha mabonde, na nyumba ya katikati ilibaki pale pale ilikuwa, kwa franka la mwisho. (Tuseme ukweli wote: fomu ndefu na ankete si chombo kimoja, moja inauliza mwaka uliopita na ingine inauliza miezi 12 ya nyuma, kwa hiyo usichukue usawa huo mpaka ku dola moja. Pengo la kukosea liko.)

Wenye kufanya ankete wanajua mtego huo. Mu ile ya miaka mitano, feza yote ya miaka ya kwanza wanaibadilisha kuwa dola za mwaka wa mwisho mbele ya kupanga mustari. Na wanakataza kulinganisha miaka yenye kupandana: 2010 mpaka 2014 unaweza kuiweka pembeni ya 2015 mpaka 2019, lakini 2010-2014 na 2011-2015, hapana, sababu majibu ya miaka mine ni ya watu wale wale.

Sisi hapa tunafahamu mambo ya bei kuliko mu-Marekani yoyote. Wasomaji wetu wa miaka 40 na zaidi walibeba zaire mu mifuko ya bunga. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 franka ikaja, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu akileta mstari wa mapato ya Katanga tangu 1985 bila kusema alibadilisha feza namna gani, ule si mstari, ni mchoro wa mtoto.

Waliokwenda, na waliobaki

Turudi ku avenyu yetu ya nyumba saba. Wale wawili wa chini, wa dola 60 na 90, wanachoka na kwenda kutafuta maisha ku karyere ya mbali. Zinabaki tano: 120, 150, 200, 400, 3,000. Nyumba ya katikati sasa ni 200. Mapato ya avenyu yamepanda kutoka 150 mpaka 200, na hakuna mtu moja aliyepata hata franka zaidi. Geuza: wale wa 200 na 400, vijana wenye masomo, wanapata kazi Kolwezi na kuhama na familia. Zinabaki 60, 90, 120, 150, 3,000. Katikati ni 120. Avenyu imekuwa maskini, na hakuna aliyepoteza kazi.

Kwa kaunti yenye kupoteza watu wanne mu kila watano, jambo hili si dogo. Wenye nguvu ya kuhama njo vijana na wenye ufundi. Wenye kubaki ni wazee wa pansyo, wajane, na wachimbaji wenye mapafu yaliyojaa vumbi. Baada ya mlipuko wa mine ya Farmington, mu West Virginia hiyo hiyo, uliouwa watu 78 mu Novemba 1968, Marekani ilitoa sheria mu 1969 yenye kupunguza vumbi mu mine na kuwalipa wagonjwa wa mapafu meusi. Feza hiyo nayo inahesabiwa kama mapato ya nyumba. Kwa hiyo mu McDowell, sehemu kubwa ya mapato hayatoki tena ku kazi ya leo. Yanatoka ku kazi ya jana, ao ku ugonjwa wa kazi ya jana. Namba ya katikati inaweza kusimama imara miaka kumi juu pansyo haifukuzwi kazi. Ukiiangalia toka mbali unasema fasi hii imetulia.

Na kuna vitu vyenye namba haioni kabisa. Ankete ya Marekani inauliza feza. Haihesabu tikiti za chakula kuwa mapato, wala matibabu ya bure, wala viazi vya shamba nyuma ya nyumba, wala nyama ya porini. Zamani mu mabonde yale kampuni ililipa wachimbaji kwa vipande vya chuma vyenye kutumika tu mu duka la kampuni, ikawapa nyumba ya kampuni na kukata bei yake ku mshahara. Mapato ya mtu wa namna hiyo ni ngapi?

Wana wa Union Minière na wa Gécamines wanajua swali hilo mu tumbo. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mposho ilikuwa ya kampuni: bunga, samaki, mafuta. Masomo ya watoto, hospitali, hata kiwanja cha mpira. Mshahara wa feza ulikuwa kidogo, na watu walikula. Kiisha uzalishaji ulianguka, mine ya Kamoto ikaporomoka mwaka 1990, mishahara ikakaa miezi bila kulipwa, na mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakachukua feza ya kuondoka kwa hiari. Mu mwezi ule wa feza ya kuondoka, ankete ingepita ku nyumba zao, ingeandika mapato makubwa kuliko ya maisha yao yote. Na ile mposho yenye kupotea, ile hospitali, haingekuwa na mustari mu fomu. Kwa karatasi wangekuwa wamepanda. Kila mtu mu Lubumbashi anajua kilichofuata.

Na huku kwetu?

Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi yetu ilikuwa mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa nkambo. Baada ya pale tulikuwa na ankete, nazo tusizidharau: ile yenye kuitwa 1-2-3, ya 2004-2005 na ya 2012, iliuliza kazi, kiisha biashara ndogo ndogo, kiisha nyumba inakula na kununua nini. Uchaguzi huo wa mwisho ni wa akili. Muulize kreza anapata ngapi kwa mwezi, atakuangalia tu. Mwezi huu alipata mushipa muzuri, miezi mbili nyuma alikula deni. Lakini muulize nyumba yake ilikula nini juma hili, ilinunua makala mara ngapi, iliweka nani mu masomo, atakujibu bila kufikiri sana. Kwa fasi zetu, chungu kinasema ukweli zaidi kuliko mshahara.

Lakini ankete kama ile inasema juu ya nchi na majimbo. Haishuki mpaka ku teritware, sembuse ku sekta ao sheferi. Na hapo njo tunauma meno, kwa sababu sheria yenyewe imeshuka mpaka kule. Kode ya mine iliyorekebishwa 2018 inagawa redevanse hivi: asilimia 50 kwa Leta ya juu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao sheferi ya fasi mine iko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vya kesho. Juu yake kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya watu wa pale. Feza zimepewa anwani. Nyumba ya katikati ya anwani hiyo haikupimwa mbele ya feza kufika, haikupimwa nyuma. Burgumestre akisema zimeleta kitu, hatuwezi kukubali. Mpinzani wake akisema zimekulwa zote, hatuwezi kukubali vilevile. Kila mtu anaonyesha jengo ao shimo, na tunarudi nyumbani.

Haingekuwa ghali sana kuanza. Shefu wa kila kartie ana orodha ya malupango. Tunajua orodha hizo zina mashimo, na lupango moja inaweza kuwa na vyungu vitatu, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu vyungu. Kiisha kuchukua moja mu kila kadha kwa bahati nasibu, si kwa urafiki, na kurudi mwezi ule ule kila mwaka, juu mapato ya mwezi wa mavuno na ya mwezi wa masomo kufunguliwa hayafanani. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wenye kutafuta mada ya memware.

Daftari tulilirudisha siku ya nane. Tulikaa na mama saa mbili nzima, tukafanya kama Wamarekani wanavyofanya, ila mahali pa dola za mwaka wa mwisho tulitumia mifuko ya bunga ya kilo 25, juu bei yake ameiandika kila mwezi bila kukosa. Mu mwaka wa kwanza wa daftari, mshahara wa bwana wake ulinunua mifuko 14 kwa mwezi. Mu mwaka wa mwisho, kwa franka mshahara umepanda karibu mara mbili, na unanunua 11.

Kiisha tukaongeza feza zingine za nyumba, na tukaona kitu chenye yeye mwenyewe hakutegemea. Ukihesabu nyumba yote, si bwana peke yake, mwaka wa mwisho wanafika mifuko 16. Nyumba yake, kwa ukweli wa hesabu, imepanda. Tukatafuta juu ya nini. Tangu mwezi wa Februari kuna mustari mpya mu daftari, wenye jina la kijana wake wa pili tu. Tukamuuliza.

"Ile ni ya mutoto," akasema. "Aliacha masomo. Anasukula mawe ku mutoni na wenzake."

Akanyamaza, akarudisha kidole ku mwezi wa Februari, akakiacha pale. Hakuna aliyesema kitu.

Mbele ya kuondoka alituomba tumwandikie nyuma ya kijitabu maswali ya kupeleka ku mkutano wa kampuni na kartie, mwisho wa mwezi. Tuliandika matatu. Ile mapato ya ukurasa wa tatu ni wastani ao ni ya nyumba ya katikati? Ni franka za mwaka gani? Na mu nyumba zile, nani aliingiza feza, na mwaka uliopita alikuwa anafanya nini?

Aliyasoma kwa sauti, akakunja kijitabu, akakiweka ndani ya daftari.

"La tatu," akasema, "nitauliza miye wa kwanza."